Maswali ya Wasomaji: Magoti na Vifundo vya Wanawake Wanaocheza Mpira wa Kikapu

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu hivi karibuni zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali, nalo ni majeraha ya wanawake wanaocheza mpira wa kikapu, hasa baada ya msimu wa 2025 wa WNBA, yaani ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani, ambao nyota wake kadhaa waliumaliza wakiwa wamekaa benchi kwa mavazi ya nyumbani. Nimechagua barua sita. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu ya kila siku ni kuyashika magoti ya namna hiyo kwa mikono yangu. Hata hivyo, majibu ninayotoa hapa hayawezi kuchukua nafasi ya daktari atakayemwona mgonjwa mwenyewe.

Swali: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 16, anacheza kikapu shuleni na anaota kwenda kucheza Marekani. Aliniita tutazame kwenye simu yake jinsi JuJu Watkins, mchezaji wa chuo kikuu huko Marekani, alivyoanguka akiwa ameshika goti, na tangu siku hiyo baba yake anasema mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa ajili ya mchezo huo. Je, ni kweli? Nimkataze? — Mama msomaji, Dodoma

Jibu: Salama, mama mwenzangu. Nilichoulizwa ni kifupi, lakini nitakijibu kwa urefu, kwa sababu maneno ya baba huyo nimeyasikia kwa wazazi wengi, na wasichana wengi wameacha mchezo kwa sababu ya maneno hayo.

Mliyotazama ni mechi ya tarehe 24 Machi 2025, ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, kati ya Chuo Kikuu cha Southern California na Mississippi State, timu ambayo wakati huo ilikuwa na Mkenya mwenzetu wa Afrika Mashariki, Madina Okot. Ilikuwa bado robo ya kwanza. Watkins alikuwa akikimbia na mpira kuelekea kikapuni, akaingia kati ya walinzi wawili, akakanyaga ili abadilishe mwelekeo, na goti lake la kulia likamsaliti. Kilichokatika ni ligamenti ya mbele ya msalaba, ile ambayo waandishi wa michezo huitaja kwa herufi ACL. Ni utepe mgumu, mfupi, usiozidi unene wa kidole kidogo cha mkono, uliopita katikati ya goti kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi, na kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi mguu unapokanyaga kwa nguvu. Ukikatika, mchezaji mara nyingi husikia mlio wa "pwaa" ndani ya goti, na baada ya saa chache goti huvimba kama limejazwa maji.

Watu hudhani kwamba jeraha hili husababishwa na kugongwa. La hasha. Takribani saba kati ya kumi hutokea bila mtu yeyote kumgusa mchezaji, anapotua baada ya kuruka, anapopunguza mwendo ghafla au anapogeuka. Goti linaingia ndani kuelekea goti la pili, mguu wa chini ukiwa umekwama sakafuni, na ligamenti inakatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa kuhusu kauli ya baba. Ni kweli kwamba katika mpira wa kikapu, wanawake huumia ligamenti hii karibu mara 3 zaidi ya wanaume. Sababu zilizozungumzwa na wataalamu ni nyingi: upana wa nyonga, udogo wa ligamenti yenyewe, wembamba wa mfereji wa mfupa inamopita, na mabadiliko ya homoni katika mwezi. Hayo hatuwezi kuyabadilisha, na wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya uzito wa kila moja. Lakini ipo sababu nyingine ambayo inabadilika, nayo ndiyo ninayoiona kila wiki: namna ya kutua. Wakati wa balehe mifupa ya msichana hurefuka haraka, ilhali misuli yake haiongezeki kwa kasi ile ya mvulana. Asipofundishwa upya jinsi ya kuutawala mwili huo mrefu, hutua akiwa amenyooka kama mti, magoti yakiingia ndani, na misuli ya mbele ya paja ikifanya kazi yote huku ya nyuma ikiwa imelala.

Niongeze jambo ambalo si la maabara, ni la nyumbani kwetu. Mvulana wa miaka tisa anaachwa mtaani aruke kuta, apande miembe, aanguke na kuinuka mpaka magharibi, wakati dada yake ameitwa ndani kuosha vyombo. Mvulana huyo amejifunza kutua mara elfu kadhaa kabla ya kugusa mpira wa kikapu. Tukiwakutanisha wakiwa na miaka 15, tunasema mwili wa msichana ni dhaifu, kumbe tulimnyima mazoezi ambayo mwenzake aliyapata bure.

Ninapompokea msichana mwenye goti linalosumbua, namsimamisha juu ya boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 30, namwomba ashuke polepole kwa mguu mmoja mpaka kisigino cha pili kiguse sakafu. Nyonga ikianguka upande mmoja na goti likaingia ndani kupita kidole gumba cha mguu, nimepata jibu langu kabla ya kutazama picha yoyote. Baada ya wiki nane za mazoezi ya nyonga na mapaja, namrudisha juu ya boksi lile lile, na mara nyingi goti linashuka limenyooka. Ni mwili ule ule aliokuja nao.

Mwambie baba pia habari za Candace Parker. Alikata ligamenti hiyo hiyo mwaka 2003, akiwa na miaka 17, bado yuko sekondari. Mwaka 2008 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa WNBA na mchezaji bora kati ya wanaoanza ligi katika msimu mmoja, na kabla ya kustaafu mwaka 2024 alikuwa ametwaa ubingwa na timu tatu tofauti. Usimkataze binti, mama. Nenda uwanjani kwao, utazame wanachofanya dakika 15 kabla ya kuanza kucheza. Ukikuta wanarusha mipira tu wakisubiri filimbi, zungumza na mwalimu. Na mwalimu mmoja wa aina hiyo, mwenye moyo mwema kabisa, ameandika barua ambayo utaisoma hapa chini.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo na shabiki wa Indiana Fever, timu ya WNBA. Mwaka 2025 tulimpoteza Caitlin Clark, kisha wengine wakafuatana kama shanga zinazochomoka uzini. Mitandaoni wanasema ligi imeongeza mechi kupita kiasi. Lakini wanaume wa NBA wanacheza mechi 82! Nani yuko sahihi? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Kwanza tuyaweke sawa yaliyotokea, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakufuatilia. Clark hakuwa amekosa hata mechi moja katika miaka minne ya chuo kikuu cha Iowa, wala katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa mwaka 2024. Mwaka 2025 alicheza mechi 13 tu: ulianza msuli wa paja, kikafuata kinena, na tarehe 15 Julai kinena cha upande wa kulia kikamtoa moja kwa moja. Tarehe 7 Agosti, katika mechi moja huko Phoenix, Sydney Colson alikata ligamenti ya goti na Aari McDonald akavunjika mfupa wa mguu. Siku kumi baadaye Sophie Cunningham akaumia goti. Chloe Bibby naye akatolewa na goti. Timu ilisajili wachezaji wa dharura, kwa utaratibu ambao ligi huuruhusu wachezaji wazima wanapopungua, na bado ilifika mechi ya tano ya nusu fainali dhidi ya Las Vegas Aces, ikafungwa katika muda wa nyongeza. Katika mechi hiyo ya mwisho Kelsey Mitchell alishindwa kusimama. Baadaye alieleza kwamba misuli yake ilikuwa imechoka kiasi cha kuanza kuvunjika na kumwaga yaliyomo kwenye damu, hali ambayo madaktari huiita rabdomiolisi na ambayo isipowahiwa huharibu figo.

Sasa hesabu. Ligi hii ilipoanza mwaka 1997 kila timu ilicheza mechi 28. Kwa miaka mingi zikawa 34, mwaka 2023 zikafika 40, na mwaka 2025 zikawa 44, kati ya tarehe 16 Mei na tarehe 11 Septemba. Ongezeko hilo ni la kweli. Lakini wewe una haki ya kuuliza kuhusu wanaume, kwa sababu ukigawanya kwa wiki, wao hucheza mara nyingi zaidi, tena kwa dakika 48 ambapo wanawake hucheza 40. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema idadi ya mechi peke yake ndiyo mkosaji.

Tofauti iko katika mambo yanayouzunguka mchezo. Timu ya wanaume ina wachezaji 15 wa mkataba kamili na wengine wa akiba juu yake; ya wanawake mwaka 2025 haikuzidi 12, hivyo wawili walipoumia, waliobaki walibeba dakika zao. Timu za wanaume zimesafiri kwa ndege za kukodi kwa miongo kadhaa, zinaondoka baada ya mechi na wachezaji wanalala wamenyoosha miguu. Wanawake walipewa ndege za kukodi kwa msimu mzima mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo walipanga foleni uwanja wa ndege kama abiria wengine, mchezaji mwenye urefu wa mita 1.95 akijikunja kwenye kiti cha katikati. Mwezi Agosti 2018 Las Vegas Aces walikaa zaidi ya saa 24 kwenye viwanja vya ndege na ndani ya ndege wakielekea Washington, wakafika saa chache kabla ya mechi, wakakataa kucheza kwa kuhofia kuumia, na ligi ikawahesabia wamepoteza. New York Liberty, ambao mwaka 2021 walikodi ndege kwa siri ili wachezaji wao wapumzike, walitozwa faini ya dola 500,000, kwa kuwa kanuni zilikataza timu moja kuwa na nafuu ambayo nyingine hazina. Kwangu mimi, mtu wa tiba, faini ile ilikuwa adhabu ya kuutunza mwili, na inanihuzunisha hadi leo.

Kubwa kuliko yote ni miezi ya mapumziko ambayo haikuwa mapumziko. Mshahara wa chini wa WNBA mwaka 2025 ulikuwa dola 66,079 kwa msimu, na miaka ya nyuma ulikuwa mdogo zaidi, kwa hiyo wengi walikuwa wakimaliza msimu Marekani na kupanda ndege kwenda Urusi, Uturuki au China. Mtazame Breanna Stewart. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi, akatwaa ubingwa na Seattle Storm, akaenda Hispania kushinda Kombe la Dunia, akaunganisha na msimu wa Dynamo Kursk ya Urusi, na mwezi Aprili 2019, katika fainali ya Ulaya iliyochezwa Hungary, alitua baada ya kurusha mpira na kano ya kisigino ikakatika. Alikosa msimu mzima uliofuata. Siwezi kuapa kwamba uchovu ndio uliokata kano ile. Jeraha moja halina ushahidi wa namna hiyo. Lakini kano haina damu nyingi, hujijenga polepole, na hujijenga wakati wa kupumzika. Mwaka 2015 klabu ya Kirusi ya Diana Taurasi, nyota mwingine wa WNBA, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa asicheze WNBA kabisa msimu huo, ili arudi kwao akiwa amepumzika. Malipo ya klabu hiyo yalikuwa mara nyingi ya mshahara wake wa Marekani. Waliojua thamani ya pumziko lake walikuwa tayari kulinunua.

Stewart huyo huyo, pamoja na Napheesa Collier, mchezaji mwingine wa WNBA, alianzisha ligi ya Unrivaled iliyoanza Januari 2025 karibu na Miami, ambapo timu hucheza wachezaji watatu kwa watatu kwenye uwanja mfupi, na wachezaji wana hisa. Bado ni mpira wakati wa mapumziko, na sifurahii kila kitu ndani yake, ila angalau mchezaji analala kitandani kwake na havuki bahari.

Swali: Nimeteguka kifundo cha mguu kwa mara ya tatu. Bibi ananichua kwa mafuta ya nazi ya moto kila jioni. Je, kuna ubaya? — Msomaji, Tanga

Jibu: Mikono ya bibi ina heri, lakini isubiri siku mbili. Katika saa 48 za kwanza, kuchua kwa nguvu na joto huongeza uvimbe. Funga bandeji, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, inua mguu juu ya mto. Ukishindwa kutembea hatua nne, au mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa, nenda ukapigwe eksirei. Kuteguka kifundo ndilo jeraha linaloongoza katika mchezo huu, hata kwa wanaolipwa, na aliyeteguka mara moja yuko karibu zaidi kuteguka tena, kwa sababu kifundo kimesahau kujisawazisha. Kwa hiyo simama kwa mguu huo mmoja kila unapopiga mswaki, asubuhi na usiku. Ukizoea, fumba macho. Kwa msimu mzima ujao vaa kishikizo cha kifundo chenye kamba za kufunga.

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata. Nina wasichana 14, uwanja wa saruji wenye nyufa, mipira mitatu, na hatuna jimu. Nasikia timu kubwa zina wataalamu na mashine. Sisi tufanye nini? — Mwalimu, Morogoro

Jibu: Mwalimu wangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa kuwa jambo linalozuia majeraha ya goti kwa ufanisi mkubwa halihitaji mashine hata moja. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya maelfu ya wachezaji wa kike umeonyesha kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili hupunguza kukatika kwa ligamenti ya goti kwa karibu nusu, mradi yafanywe mara mbili au tatu kwa wiki, yasikatishwe katikati ya msimu, na mwalimu awe anasahihisha makosa. Dawa ambayo ingepunguza malaria kwa nusu tungeipigania kwenye foleni.

Fagia uwanja kwanza. Kokoto moja chini ya soli inatosha kuharibu mwaka wa mtoto, na nyufa kubwa zibwe kwa udongo na saruji hata kama ni kazi ya Jumamosi na wazazi wawili.

Kisha wakimbie taratibu, mbele, nyuma na pembeni, kwa dakika tatu. Baada ya hapo wapange wawili wawili, wanatazamana. Mmoja anaruka juu na kutua kwa miguu miwili, mwenzake anatazama magoti yake na kusema kwa sauti "ndani" au "sawa". Mchezo huu wa kuitana una maana kubwa, kwa kuwa msichana anajifunza kuliona kosa kwa mwenzake kabla ya kulihisi mwilini mwake. Unachotaka kusikia ni ukimya: anayetua vizuri hatoi kishindo, anakunja magoti na nyonga kama anayetaka kuketi kwenye kigoda, na magoti yake yanaelekea kule vidole vya miguu vinakoelekea. Anayetua na sauti ya gunia la mahindi arudie. Wakishaweza hivyo, waruke mbele, waruke na kugeuka robo, na mwishowe watue kwa mguu mmoja na kutulia mpaka uhesabu tatu.

Zoezi la msuli wa nyuma ya paja nalo halikosi. Mmoja anapiga magoti juu ya mkeka au kanga iliyokunjwa, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu kwa nyuma, kisha yule aliyepiga magoti anajiachia mbele polepole, mwili umenyooka toka goti hadi kichwa, akizuia kuanguka kadiri awezavyo mpaka mikono iguse chini. Anza na mara tatu tu kwa kila mmoja, maana siku inayofuata watalalamika ngazi zinawashinda. Ongeza moja kila wiki. Malizia kwa kukimbia na kusimama ghafla kwa hatua tatu fupi badala ya moja ndefu.

Yote haya ni dakika 20. Utaambiwa unawapotezea muda wa kufunga vikapu. Vumilia hadi mwisho wa muhula, na uandike kwenye daftari ni nani aliumia, alikuwa anafanya nini na uwanja ulikuwaje. Daftari hilo litakusaidia kwa mkuu wa shule kuliko hoja zangu zote.

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 19, nachezea klabu na nafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Muundi unauma sehemu moja, hasa nikiruka, na miezi minne sijaona siku zangu. Kocha anasema ni kawaida kwa wanamichezo. Naona aibu kuuliza nyumbani. — Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuandika, na nakuomba uniamini katika hili: si kawaida. Hedhi ikikatika kwa miezi mitatu au zaidi, mwili umetoa taarifa, na mchezaji anapaswa kuonana na daktari. Kituoni watakupima ujauzito kwanza. Usione wanakudharau, ndivyo utaratibu ulivyo kwa kila mwanamke. Kama si hilo, linaloshukiwa zaidi kwa mtu wa hali yako ni upungufu wa nishati, yaani chakula unachokula hakitoshelezi mazoezi unayofanya. Mwili ukiona hivyo huanza kubana matumizi: husimamisha hedhi, homoni zinazolinda mifupa hushuka, na mfupa unaogongwa sakafuni kila siku hupata ufa mwembamba kama wa kikombe cha udongo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko jambo hili mwaka 2014, na tangu hapo timu makini za wanawake huuliza habari za hedhi kama zinavyouliza habari za usingizi.

Maumivu ya muundi yanayokaa mahali pamoja, unapoweza kuweka ncha ya kidole na kusema "hapa", ni tofauti na yale yanayosambaa mguu mzima baada ya kukimbia. Acha kuruka kuanzia leo. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo usikubali kurudishwa uwanjani kwa sababu ya picha safi ilhali kidole bado kinapata maumivu. Na chai kavu ya alfajiri kabla ya mazoezi haifai. Kula kiazi au uji mzito kabla, na ndani ya saa moja baada ya mazoezi kula chakula chenye wanga na protini. Wali na maharage au ugali na dagaa vinatosha kabisa, na dagaa wenu wa ziwani wana madini mengi ya mifupa. Kuhusu nyumbani, anza na shangazi au mama mdogo unayemwamini, naye atakupeleka.

Swali: Shikamoo daktari. Nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti miezi sita iliyopita. Goti haliumi tena, nakimbia ufukweni, na kocha anataka nicheze mashindano ya mwezi ujao. Nina miaka 21. Nikubali? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Marahaba. Usikubali, mwanangu, na nitakueleza sababu ili nawe uweze kumweleza kocha bila kugombana naye.

Ligamenti uliyowekewa ilikatwa kutoka sehemu nyingine ya mwili wako, labda kwenye kano ya chini ya pia ya goti au nyuma ya paja. Ilipohamishwa ilipoteza damu yake, na mwili unalazimika kuijenga upya, uzi kwa uzi, kwa muda unaozidi miezi tisa. Maumivu huondoka mapema zaidi kuliko ujenzi huo unavyokamilika, na hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Utafiti uliofanywa Norway ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia tena. Na kwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka, karibu mmoja kati ya wanne hukata tena, goti lile lile au la pili.

Tazama muda waliochukua wenye madaktari bora na mashine zote. Sheryl Swoopes aliumia mwaka 2001, akakosa msimu mzima, na mwaka 2002 akawa mchezaji bora wa WNBA. Paige Bueckers aliumia Agosti 2022 akarudi kucheza Novemba 2023; mwaka 2025, WNBA ilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa kwanza, na timu ya Dallas Wings. Cameron Brink wa Los Angeles Sparks alikata ligamenti Juni 2024, akaikosa hata nafasi yake kwenye kikosi cha Olimpiki ya Paris, na hakurudi hadi mwishoni mwa Julai 2025, miezi 13 baadaye. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi kwa sababu kocha ana mashindano mwezi ujao.

Zaidi ya kalenda kuna vipimo. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzingo wa kila paja sentimita 10 juu ya pia ya goti. Paja la mguu uliopasuliwa likiwa jembamba kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, msuli bado haujarudi. Kisha mwombe mtaalamu wako wa fiziotherapia akupime nguvu za mapaja, na umbali unaoruka kwa mguu mmoja, mara moja na mara tatu mfululizo. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mzima katika kila kipimo, na unapotua goti lisiingie ndani. Atakuuliza pia kama unaogopa. Jibu kwa ukweli, maana mchezaji mwenye hofu hulikwepesha goti na kutua vibaya.

Kukimbia ufukweni endelea, ila chagua mchanga mgumu ulioachwa na maji kupwa, sehemu iliyo tambarare. Mwezi wa tisa ukifika na vipimo vikiwa vimepita, anza na mazoezi ya timu bila kugusana, wiki tatu au nne, kisha mechi za mazoezi. Mechi yako ya kwanza isiwe ya mashindano, na isizidi dakika 10.